Tumefungwa: Ni Kadari au Ni Mikono Yetu?



Ndugu msomaji, msimu umekwisha, na sote tunajua ulivyokwisha. Timu ya chuo chetu imefungwa nyumbani, imefungwa ugenini, na mechi tulizoshinda hazijazi vidole vya mkono mmoja. Sitazirudia hapa moja moja. Walioziona wameziona, na wasiokuwepo wameshasimuliwa, kila msimulizi akiongeza bao lake.

Kilichonifanya nishike kalamu si mabao. Ni maneno mawili ambayo yamesemwa msimu mzima kila tulipotoka uwanjani na kurudi kwa miguu katikati ya maghala na malori ya Quartier Industriel. La kwanza: “Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyopanga.” La pili: “Mwaka ujao tutashinda, inshaallah.” Maneno yote mawili ni yetu. Tumelelewa nayo, na hakuna Muislamu anayeweza kuyapinga. Lakini nimeona kazi yaliyokuwa yanafanya. Kila yaliposemwa, mazungumzo yalikufa. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini upande wetu wa kushoto ulikuwa wazi katika kila mechi, wala kwa nini nusu ya wachezaji hufika mazoezini wakati wenzao wameshaanza kuvua viatu.

Swali langu ni hili: mtu aliyeshindwa ana haki ya kuyasema maneno hayo wakati gani? Kabla ya kujihesabu, au baada yake?

Najua wapo watakaosema kwamba hili ni swali kubwa kwa jambo dogo. Mpira ni mpira tu, na jarida la jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu lina mambo mazito zaidi ya kuandika. Mimi naona kinyume. Tabia ya mtu haigawanyiki vipande, kimoja cha uwanjani na kingine cha darasani. Anayezoea kusema “ndivyo ilivyopangwa” juu ya bao alilofungwa kwa uzembe atasema hivyo hivyo juu ya mtihani ambao hakuusomea. Akishakuwa mhandisi atasema hivyo juu ya daraja lililoanguka, na akiwa daktari atasema juu ya mgonjwa. Afadhali tulijadili jambo hili sasa, wakati kilichopotea ni pointi.

Tena sisi Warundi tuna mifano ya kutosha hapa hapa nyumbani.

Agosti 2024, Vital’O, mabingwa wa nchi, walikutana na Young Africans ya Tanzania katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza walifungwa 4-0, ya pili 6-0. Zote mbili zilichezwa Dar es Salaam, hata ile iliyohesabiwa kuwa ya nyumbani kwetu, kwa sababu nchi yetu haikuwa na uwanja uliokubaliwa na shirikisho la mpira la Afrika. Mabao kumi, nasi hatukupata hata moja la kufutia machozi. Wenye ndugu Tanzania, na Buyenzi ni wengi, wanajua utani wa siku zile ulikuwa wa namna gani.

Ukiitazama habari hiyo vizuri utaona ndani yake mambo mawili yaliyochanganyika. Kukosa uwanja si kosa la beki wala la kiungo. Hakuna mchezaji anayejenga uwanja. Kucheza “nyumbani” mbele ya mashabiki wa mpinzani ni mzigo waliopewa na wengine. Lakini pia mabao kumi hayakufungwa na uwanja. Anayesema yote ni uwanja anajidanganya, na anayesema yote ni wachezaji anawadhulumu. Kazi ngumu ni kutenganisha, na kazi hiyo ndiyo tunayoikimbia kwa kusema haraka haraka kwamba ni majaliwa.

Au chukueni mwaka 2019. Tarehe 23 Machi, timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilitoka sare ya 1-1 na Gabon hapa Bujumbura, katika uwanja ambao leo unaitwa Intwari, na kwa sare ile tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Furaha ya siku ile sina haja ya kuieleza. Kisha timu ikaenda Misri. Tukafungwa 1-0 na Nigeria, tukafungwa 1-0 na Madagaska, tukafungwa 2-0 na Guinea. Tukarudi bila pointi na bila bao.

Watu walisema: ilikuwa mara yetu ya kwanza. Ni kweli. Lakini Madagaska nayo ilikuwa mara yake ya kwanza, katika kundi hilo hilo, na iliongoza kundi, ikaifunga Nigeria 2-0, ikafika robo fainali. Kwa hiyo “mara ya kwanza” ni sehemu tu ya jibu. Na kwa upande wa pili, wale waliowaita vijana wetu aibu ya taifa hawakutazama vizuri. Mabao ya Nigeria na Madagaska yalipatikana baada ya dakika ya 75. Kwa zaidi ya saa nzima, mara mbili, timu iliyofika pale kwa mara ya kwanza haikufungika. Hesabu ya haki inayaona hayo yote mawili.

Kuna ugonjwa wa tatu, nao ni kumbukumbu. Mwaka 1992 Vital’O walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, wakatoka 1-1 hapa Bujumbura na Africa Sports ya Côte d’Ivoire, kisha wakafungwa 4-0 kule Abidjan. Hadi leo hakuna klabu ya Burundi iliyofika mbali zaidi ya hapo. Wazee wetu wanaisimulia, na wana haki. Lakini miaka zaidi ya 30 imepita, na wakati mwingine naona tunaitumia fainali ile kama tajiri aliyefilisika anavyotumia jina la babu yake. Kila chuo, kila mtaa una mwaka wake wa 1992. Timu yetu pia inao, na waliokuwamo wameshamaliza masomo zamani, wana wake na watoto.

Sasa twende kwenye msingi wetu.

Ninapofikiri juu ya kushindwa nakumbuka Uhud. Naomba nieleweke mapema: silinganishi damu ya mashahidi na mpira wa miguu. Haviko kwenye mizani moja. Lakini Mwenyezi Mungu (s.w.) hakuteremsha aya nyingi hivyo za Suurat Aal-Imraan juu ya siku ile ili zibaki habari ya kale. Ameziteremsha tujifunze namna ya kushindwa, maana kushinda hakuhitaji mafunzo mengi.

Mnaijua habari. Ni mwaka wa tatu wa Hijra. Mtume (s.a.w.) alikuwa na rai ya kubaki Madina. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwapo Badr, walitaka kutoka kumkabili adui nje ya mji, naye akafuata rai yao. Akaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, mkuu wao Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasiondoke pale, tushinde au tushindwe. Vita vikaanza vizuri. Maadui wakakimbia. Wale wa kilimani wakaona ngawira chini, wakaona kazi imekwisha, na wengi wao wakateremka. Khalid bin Walid, ambaye wakati ule alikuwa bado hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake kupitia nyuma. Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi, Hamza (r.a.) akiwa mmoja wao, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Baada ya hapo Waislamu waliuliza swali ambalo kila aliyeshindwa huliuliza: haya yametoka wapi? Tuko kwenye haki, Mtume yuko nasi, imekuwaje?

Fungueni aya ya 165 na ya 166 za sura hiyo na muangalie mpangilio wake. Katika ya kwanza wanaambiwa kwamba yaliyowapata yametoka kwao wenyewe. Katika inayofuata wanaambiwa kwamba yaliyowapata siku yalipokutana majeshi mawili yalikuwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Maneno yote mawili yapo, moja baada ya jingine, na hakuna linalolifuta jingine. Imetoka kwenu, na imekuwa kwa idhini Yake.

Sisi tumeichukua ya pili tukaiacha ya kwanza. Tukisema “ndivyo alivyopanga” hatusemi uongo, ila tunasema nusu, tena nusu isiyotuuma. Na wapo wengine, hasa wale tuliosoma nao vitabu vya mafunzo ya ujasiriamali, wanaochukua ya kwanza tu: kila kitu ni wewe, ukishindwa ni wewe hukutaka kwa nguvu zote. Huo nao ni uongo wa nusu, na ni mkatili. Kijana anayetoka Kinama au Kanyosha akakosa basi kwa sababu hakuna mafuta mjini, akatembea hadi mazoezini, akafika amechelewa na miguu imechoka, huwezi kumwambia kwamba alikosa nia. Tangu uhaba wa mafuta ulipotukalia, nusu ya matatizo ya nidhamu katika timu yetu yana harufu ya petroli. Nusu nyingine hayana, nayo ndiyo yetu.

Kuna ndugu aliyenipinga juu ya hili, na pingamizi lake ni la kielimu, halistahili kupuuzwa. Alisema: Mtume (s.a.w.) ametukataza kusema “lau”. Katika hadithi iliyo kwa Imam Muslim tumefundishwa kwamba likitupata jambo tusiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, bali tuseme kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria na alitakalo hulifanya, kwa sababu “lau” hufungua kazi ya shetani. Sasa wewe unayetaka tukae tuhesabu makosa, huku si kufungua mlango huo?

Nikamwambia aisome hadithi hiyo kutoka mwanzo wake. Inaanza kwa kusema kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri. Kisha inamwamuru mtu afanye pupa juu ya linalomfaa, aombe msaada kwa Mwenyezi Mungu, wala asilegee. Baada ya hayo ndipo linakuja katazo la “lau”. Katazo hilo ni la mtu anayekaa akiitafuna jana, anayetaka kuifungua tena siku iliyofungwa. Siyo la mtu anayeitazama jana ili ajue aikabili vipi kesho. “Lau kipa angeruka kulia” ni maneno ya shetani: bao limeshaingia na mechi imeshakwisha, hayaleti kitu isipokuwa chuki. “Kipa wetu hajawahi kufundishwa namna ya kusimama kwenye kona, nani atamfundisha?” hayo ni maneno mengine kabisa. Yanatazama mbele.

Kwa hiyo naona hivi. Kadari ni dawa ya yaliyopita, wala haijawahi kuwa kisingizio cha yajayo. Hatujui kilichoandikwa kwa ajili ya msimu ujao, kwa hiyo hatuwezi kukitumia kama sababu ya kutofanya mazoezi.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya kipa, kwa sababu msimu huu nimesikia mambo juu yake ambayo hayafai kusemwa juu ya ndugu wala jirani.

Mwaka 1950, tarehe 16 Julai, Brazil ilifungwa 2-1 na Uruguay katika uwanja wa Maracanã, nyumbani kwake, siku ambayo sare tu ingeipa Kombe la Dunia. Bao la pili lilifungwa na Ghiggia, likapita kati ya kipa na mwamba wa karibu. Kipa aliitwa Moacir Barbosa. Alikuwa mmoja wa makipa bora wa wakati wake. Kuanzia siku ile hadi alipokufa mwaka 2000 alibeba bao lile. Alilalamika mwishoni mwa maisha yake kwamba sheria za Brazil haziwafungi wahalifu zaidi ya miaka 30, ilhali yeye alikuwa ametumikia 50. Nchi nzima ilihitaji mtu wa kumbebesha, na kipa ndiye anayeonekana zaidi.

Wanafalsafa wana jina la jambo hili. Mwaka 1976 Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel waliandika juu ya kile walichokiita bahati ya kimaadili: kwamba tunamlaumu au kumsifu mtu kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake peke yake. Chukua makipa wawili. Wote wanaudondosha mpira kwa uzembe ule ule. Wa kwanza, mshambuliaji yuko mbali, anauokota, hakuna anayekumbuka. Wa pili, mshambuliaji yuko hatua moja mbele yake. Kosa ni moja. Lakini mmoja anakwenda nyumbani kula, na mwingine anaitwa majina hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Ukimwuliza mtu mwenye akili, atakuambia makosa yao ni sawa. Ukimpeleka mtu huyo huyo pembeni ya uwanja, atampigia kelele wa pili tu.

Nagel analiacha swali hilo bila kulifunga, na mimi sidai kulifunga. Lakini naona katika habari ya Uhud namna ya kuishi nalo. Wale walioteremka kilimani walifanya kosa la wazi, tena wameambiwa. Qur’ani inalitaja kosa lao bila kulificha, kwamba walizozana na wakaasi baada ya kuonyeshwa walilolipenda. Lakini hakuna jina lao hata moja mle ndani, na aya zile zile zinasema wamesamehewa. Jina ambalo sira imelihifadhi vizuri ni la Abdullah bin Jubayr, aliyebaki juu na wachache hadi akauawa. Kosa likatajwa, waliolifanya wakasitiriwa, aliyesimama akakumbukwa. Sisi tumefanya kinyume chake hatua kwa hatua. Kosa la timu hatukulitaja, kipa tukamtaja kila siku, na yule beki wa kulia aliyekimbia dakika 90 katika kila mechi, hata zile ambazo tulikuwa tumeshafungwa, sijasikia mtu akimshukuru.

Kisha tazameni aya ya 159. Baada ya msiba ule, Mtume anaambiwa kwamba kwa rehema ya Mola wake amekuwa mpole kwao, na lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangemkimbia. Anaamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo. Ashauriane nao! Watu hao hao ambao rai yao ndiyo iliyowatoa nje ya Madina. Mtu wa kawaida angesema: nimewasikiliza mara moja, mmeona matokeo, kuanzia leo mimi ndiye ninayeamua. Haikuwa hivyo. Shura haikufutwa kwa sababu ya kushindwa. Na baada ya shura ndipo linakuja kuazimia, na baada ya kuazimia ndipo kumtegemea Mwenyezi Mungu. Tawakkul iko mwisho wa msafara. Sisi tunaipandisha mbele, tunaipa usukani, kisha tunashangaa gari haliendi.

Kabla sijasahau, nina neno moja juu ya hirizi. Katikati ya msimu ulipita mchango wa chini kwa chini, faranga kidogo kidogo, ili aendewe mtu fulani atakayeliziba goli letu. Sijui nani alichangia na sitaki kujua. Ninajua tu kwamba goli halikuzibika. Wachezaji wetu si wote Waislamu, na hili si la kuwanyooshea kidole wenzetu Wakristo, kwani nao wamekatazwa kama sisi. Ila kwa Muislamu ni shirki, na hata ukiiondoa dini, ni njia nyingine ya kukwepa swali lile lile. Anayesema “tumerogwa” na anayesema “ndivyo ilivyoandikwa” ili asifanye mazoezi wamekaa benchi moja, japokuwa mmoja ana tasbihi mkononi.

Nije sasa kwenye tumaini, maana lile neno la pili, “mwaka ujao inshaallah”, bado linanidai.

Imam Ghazali katika Ihyaa, kwenye kitabu cha hofu na matarajio, ana mfano wa mkulima. Nitausema kwa maneno yetu ya huku, ya mashamba ya mpunga ya Imbo. Mkulima wa kwanza amelima, amechagua mbegu nzuri, ameleta maji, amepalilia, kisha akakaa akitarajia mavuno na akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na maradhi na mafuriko. Huyo anatarajia kweli. Wa pili ametupa mbegu kwenye ardhi ya chumvi isiyofikiwa na maji, naye anasubiri mavuno. Huyo ni mjinga aliyeghurika. Wa tatu ana ardhi nzuri lakini hana maji, anasubiri mvua mahali ambapo mvua haina uhakika. Huyo, kwa Ghazali, anatamani, hajafika kutarajia.

Ukiniuliza timu yetu ni mkulima yupi, nasema ni wa tatu. Ardhi tunayo. Tuna vijana wenye vipaji, kila anayetazama anaona. Maji ndiyo hatuleti. Kwa hiyo “inshaallah” yetu si ya uongo kabisa, lakini bado haijawa tumaini. Ni tamaa nzuri. Ili igeuke kuwa tumaini inahitaji mtu wa kuchimba mfereji. Kwa mfano, wanaokaa mitaa ya mbali, kama usafiri hauna uhakika, kwa nini mazoezi ya katikati ya wiki yasifanyike kwa makundi, wa kaskazini huko kwao na wa kusini huko kwao, tukakutana wote siku moja tu? Hilo halihitaji petroli. Kwa nini beki wa kushoto hana wa kumpumzisha? Kwa nini orodha ya wachezaji inatoka asubuhi ya mechi, na hakuna anayejua kwa nini fulani yumo na fulani hayumo? Nimewahi kusikia jibu la swali hili la mwisho, na si jibu la kuandikwa kwenye jarida.

Lipo pia pendekezo la kuiondoa timu kwenye mashindano kwa mwaka mmoja, na fedha zake zipelekwe kwenye jambo lenye manufaa. Walioleta pendekezo hili si watu wabaya. Mmoja wao aliniambia kwamba aibu ya kila wiki inawavunja moyo wanafunzi, na kwamba kwa Muislamu mchezo ni upuuzi ukizidi. Naliheshimu wazo lake la kwanza. La pili silikubali lilivyo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Muda ukapita, akawa ameongezeka mwili, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwa utani kwamba hii ni kwa ile. Imepokewa na Abu Daud. Aliyeshindwa mara ya kwanza ni mbora wa viumbe, na hakuna aliyenuna. Hapana upuuzi mle ndani. Kuna watu wawili wanaojua kushindwa mbele ya wanaowapenda.

Na ngamia wake, al-Adhbaa, aliyekuwa hapitwi, siku moja alipitwa na ngamia mdogo wa bedui. Maswahaba likawauma, na Mtume akaliona hilo katika nyuso zao. Akawafundisha kwamba Mwenyezi Mungu amejilazimishia kwamba hakuna kitu kinachonyanyuka duniani ila atakishusha. Hadithi hii iko kwa Bukhari, na kwa kawaida tunaisoma kama onyo kwa walio juu. Mimi msimu huu nimeisoma kwa jicho la ngamia wa bedui. Yule naye alikuwa akishindwa kila siku. Mwenyewe hakumwacha zizini kwa sababu al-Adhbaa hapitwi.

Kujiondoa kunafaa kwa timu iliyokwisha kujihesabu ikaona haina uwezo. Sisi bado hatujajihesabu. Kujiondoa sasa kutakuwa njia ya tatu ya kulikwepa swali, baada ya kadari iliyowahi na hirizi iliyochelewa.

Kikao cha timu ni Jumamosi asubuhi. Ningependa kianze bila hotuba. Ningependa mtu wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe kipa, na asiulizwe neno juu ya lile bao. Aulizwe ameona nini msimu mzima kutoka pale golini. Katika timu nzima ni yeye peke yake aliyekuwa na migongo ya wenzake wote kumi mbele ya macho yake, kutoka firimbi ya kwanza hadi ya mwisho.